Nyumba Isiyo na Unyoya

Mimi mbwa siwapendi, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nasimulia haya kwa sababu ya mapenzi ya mbwa. Wakinyeshewa wananuka, ukila wanakukodolea macho, na wakikupenda wanakulamba bila kuomba ruhusa. Lakini mbwa wa jirani yangu nilimlilia, tena si kilio cha adabu cha kujipangusa kwa kona ya kanga. Nililia hadi nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na kazi za wateja zikalala.

Jirani mwenyewe watu walimwita Mzee Deki. Tunatenganishwa na ukuta mmoja, mimi na vyerehani vyangu upande huu, yeye na ndoo zake upande ule, na mbele yetu kuna ua mdogo wa saruji tunaoutumia pamoja. Kazi yake ya maisha ilikuwa usafi wa hospitali. Alianza ujanani kwa kufagia njia za nje, akapandishwa wodini, na miaka yake mingi aliimalizia katika chumba cha upasuaji, mahali ambapo, kama alivyopenda kusema, hata nzi huingia kwa kibali. Siku ya kustaafu walimpa cheti na soda moja. Alichotoka nacho hasa ni ule utaratibu, na utaratibu huo akauhamishia nyumbani kwake mzimamzima.

Alipiga deki kuanzia ukuta wa mbali, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, na ole wako ukanyage kabla sakafu haijakauka. Ufagio mkavu hakuutaka hata kuuona. Ufagio mkavu, alisema, hauondoi vumbi, unalihamisha tu. Kitambaa cha kupangusia alikikunja akakikunja tena, na kila upande ukitumika mara moja basi, anageuza upande mwingine. Alipangusa hadi balbu. Mkewe enzi za uhai wake alikuwa akinichungulia uani na kuniambia, "Jirani, huyu bwana iko siku atanipangusa na mimi." Alikuwa mcheshi yule mama. Alipofariki, Mzee Deki aliosha nyumba mfululizo mpaka rangi ya mlango ikaanza kubanduka.

Mbwa alikuja wakati huohuo wa msiba. Koko tu, jike, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na la pili limelala. Alijilaza kwenye kidato cha mlango wa mzee. Alifukuzwa, akarudi, akamwagiwa maji, akajikung'uta na kujilaza palepale. Baada ya siku kadhaa nikamwona mzee anamwekea ukoko wa chakula kwenye kopo.

"Ndiyo umeanza kufuga mbwa, mzee?" nikamuuliza.

"Nimfuge wapi, fundi? Huyu ni mgeni tu. Kesho anaondoka."

Kesho ikaja na mbwa yupo, kesho kutwa vilevile, na mtaa mzima ukaanza kumwita Mgeni. Watu walicheka mno. Mtu anayepangusa balbu leo ana mbwa! Muuza duka wa pembeni alisema atakuja na kiti chake akae aone nani atamshinda mwenzake, mbwa au ndoo.

Hakuna aliyeshindwa. Mzee Deki alimwingiza Mgeni kwenye utaratibu kama wanavyoingizwa wafanyakazi wapya. Kila asubuhi alimkalisha uani akamchana kwa kitana chenye meno mapana, manyoya yakaingia kwenye mfuko kabla upepo haujayachukua. Mlangoni kulikuwa na beseni na tambara. Mgeni akitoka matembezini husimama pale, ananyanyua mguu wa mbele wa kulia bila kuambiwa, unafutwa, anashusha, ananyanyua wa kushoto, hivyo hivyo hadi wa mwisho, huku akitazama pembeni kama mteja mwenye haraka zake. Malazi yake yalikuwa kipande cha turubai karibu na mlango wa jiko, na turubai hilo lilioshwa kuliko mashuka ya watu wengi ninaowajua. Kochi lilipanguswa kwa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, maana glavu mbichi huzoa manyoya yakaviringika kama uzi. Ujanja huo nimeuiba, ndivyo ninavyosafisha vipande vya nyuzi dukani kwangu hadi leo. Na kwenye maji ya deki alitia klorini, kifuniko kimoja tu cha chupa kwa ndoo nzima. "Nyumbani hakuna mgonjwa," alisema. "Kifuniko kimoja kinatosha."

Basi nyumba ile ilikuwa safi kuliko yangu, na mimi sifugi hata kuku.

Mzee ana mtoto mmoja, wa kike. Binti huyo ni mtunza fedha kwenye duka kubwa la vyakula, kazi ya zamu, leo asubuhi, kesho jioni, na anaishi kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Alipojifungua, baba wa mtoto aliingia mitini. Likizo ya uzazi ilipokwisha, binti alimleta mtoto kwa babu yake akiwa bado hajaota meno, akawa anakuja siku zake za mapumziko. Mtoto alipoanza kusema hakunyamaza tena, ndiyo maana tukamwita Chiriku.

Chiriku alilelewa na watu wawili, babu na mbwa. Alijifunza kusimama kwa kushika lile sikio la Mgeni lililolala. Mchana alisinzia pale kwenye turubai, kichwa kwenye tumbo la mbwa, na tumbo likipanda na kushuka, kichwa nacho kinapanda na kushuka. Mimi nilikuwa nikiona hivyo nageuza uso, nasema lahaula, mtoto na mbwa. Lakini yule mtoto hakuwahi hata kupiga chafya.

Alikuwa amekaribia umri wa kuanza shule ya awali pale mvua zilipokuja na baridi yake. Watoto wote wa mtaa walikohoa. Wenzake wakapona, yeye mafua yakamshukia kifuani, na usiku kifua kikawa kinapiga filimbi. Mama yake akampeleka zahanati. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi barabarani, na daktari, maskini, alikuwa mmoja. Akamsikiliza mtoto mgongoni, akauliza, "Nyumbani kuna mnyama?"

"Kuna mbwa," binti akasema. "Analala ndani."

"Basi jibu unalo."

Akaandika dawa ya kuvuta, akaita anayefuata. Binti alinisimulia mwenyewe, na hakutia chumvi. Daktari hakusema uongo pia, wapo watoto wengi wanaobanwa na manyoya. Ila yeye hakuwa amewahi kuiona ile nyumba.

Jioni ile binti alikuja moja kwa moja kwa baba yake. Nilikuwa uani naanua nguo, na sikuziba masikio.

"Baba, mbwa aondoke."

"Mwanangu, huyu mbwa amekuwa na mtoto tangu mtoto hana jino."

"Daktari kasema."

"Daktari hajui ninavyosafisha. Nipe muda. Nitasafisha kwa kipimo cha kazini. Hutakuta unyoya humu ndani, hata ukija na darubini."

Yule binti si mtu mbaya, nisije nikaeleweka vibaya. Ni mtu aliyechoka, mguu mmoja kazini na mwingine kwenye basi, mtoto wake analelewa asikoweza kumwona. Akasema taratibu, "Sawa. Lakini akibanwa tena sana, nitampeleka kwa bibi yake mzaa baba. Kule hakuna mbwa."

Kwa bibi mzaa baba ni safari ya basi ya kutwa nzima na kipande cha kesho yake. Mzee Deki alijua maana yake. Kumwona Chiriku ingekuwa kwenye simu, tena kwenye simu ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani: abaki na mjukuu wake, na mbwa wake asimtupe.

Asubuhi yake akanunua klorini ya dumu.

Sasa nieleze vizuri hapa. Kifuniko kimoja kwa ndoo akakisahau. Alirudi kwenye kipimo cha chumba cha upasuaji, kile cha kusafishia damu, na hakupiga deki mara moja kwa siku kama zamani. Asubuhi alipiga, mchana akapiga, na Chiriku akikohoa jioni alipiga tena. Alipangusa kuta, miguu ya meza, vitasa. Kisha akafunga madirisha yote na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo lililoloweshwa.

"Mbona unajifungia kama unafuga vifaranga?" nikamuuliza.

"Kule kazini hatukufungua dirisha hata siku moja, fundi. Hewa ya nje ndiyo inayoleta uchafu."

Harufu ikapenya ukuta hadi kwangu. Wateja waliniuliza kama nimefungua mochwari. Nguo nilizoshona zilinuka klorini kabla hazijavaliwa, na mimi mwenyewe macho yaliniwasha nikayapikicha, nikalaumu taa ya cherehani.

Mgeni akahamishiwa uani, turubai lake chini ya paa la bati. Alikuwa mzee sasa, nyonga moja imekaza, akinyanyuka hunyanyuka kwa mafungu. Hakubweka wala hakukwaruza mlango. Alilala akitazama kitasa. Chiriku alichoropoka kila alipopata nafasi, akaenda kumkalia pembeni na kumsimulia mambo, na hapo uani alicheka hadi nikasimamisha cherehani kumsikiliza. Akirudishwa ndani, anaanza kukohoa. Sisi wote tukaona ni manyoya aliyoingia nayo. Mzee akawa anamvua gauni mlangoni, anamnawisha mikono hadi viwiko, anamvisha gauni jingine, kisha anafuta sakafu alipopita. Na mtoto anakohoa. Na mzee anaongeza dawa.

Alikonda katika wiki zile. Viganja vilipasuka kwa klorini, vikawa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda mtoni. Akaanza kutafuta pa kumpeleka Mgeni. Mlinzi wa ghala alimchukua, Mgeni akatafuna kamba na asubuhi alikuwa kwenye kidato. Fundi baiskeli anayekaa mbali kabisa, kule barabara ya lami inakoishia, alimchukua kwenye kapu la mizigo ili asijue njia. Siku chache zilipita tukadhani mambo yametulia. Akatokea kwenye kona ya mtaa akichechemea, nyayo zimechubuka, na Chiriku akamwona kabla yetu. Alipiga mbio akamkumbatia shingo. Wengine wote tuliowauliza walimtazama meno, wakamtazama ile nyonga, wakasema wangependa ila kwa sasa hawana nafasi. Nani anataka mbwa kikongwe?

Wiki ileile Chiriku akabanwa kweli. Kucha zilibadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali, mimi nimembeba, mzee anakimbia nyuma na begi, na huko wakamwekea hewa puani hadi akatulia. Binti alifika na sare yake ya kazi. Hakupiga kelele. Alimwambia baba yake, "Jumapili nakuja kumchukua mtoto, tiketi ya basi nimeshakata. Nisamehe, baba. Sitazika mtoto kwa ajili ya mbwa."

Siku moja kabla ya Jumapili, Mzee Deki aligonga kwangu. Alikuwa amevaa shati lake la pasi, lile la sherehe.

"Fundi, nisindikize mahali."

Mgeni alikuwa amechanwa, manyoya yanang'aa. Nikajua. Nilifunga duka, tukaondoka. Bwana mifugo ana ofisi nyuma ya soko, chumba kimoja chenye meza ya bati na friji ndogo ya dawa. Alimpima Mgeni, akamsikiliza moyo.

"Moyo wake mzima, mzee. Una uhakika?"

"Anarudi," Mzee Deki akasema. "Kila nikimpeleka, anarudi. Nina mtoto mgonjwa."

Bwana mifugo hakuuliza tena. Tukamnyanyua mezani. Bwana yule, sindano mkononi, alipogusa mguu wa mbele atafute mshipa, Mgeni akaunyanyua mwenyewe, akautoa, akatazama pembeni. Alidhani anafutwa. Mzee Deki alikiinamia kichwa chake, akalishika lile sikio lililolala, akawa anamwambia, "Haya, huu tayari. Bado mwingine. Bado mwingine." Mimi nilitoka nje. Nilisimama kwenye magunia ya soko nikalia mbele za watu, mimi nisiyependa mbwa.

Wakati wa kurudi mzee alikuwa na mkanda wa shingoni wa Mgeni mfukoni. Tulipofika karibu akasimama.

"Tutasema yuko shambani."

"Kwa nani, baba?"

"Kwa mtu. Mtu mwenye shamba kubwa amemchukua. Yule mtoto hawezi kubeba hili, fundi. Na mama yake pia asibebe. Nimelifanya mimi, nikae nalo mimi."

Nikakubali. Ungemwona uso wake nawe ungekubali.

Jumapili binti alikuja na begi, akaona uani hakuna turubai. Baba yake akamweleza habari za shamba. Chiriku akauliza kama kuna kuku wa kukimbiza, babu akasema wapo. Akauliza kama Mgeni anafurahi huko. "Anafurahi sana," babu akasema, na alijikaza kisabuni hadi mtoto alipotosheka. Tiketi ikarudishwa, na Chiriku akabaki.

Baada ya hapo Mzee Deki hakugusa ndoo. Sijawahi kuona kitu kile. Alifungua dirisha la sebule kwa sababu ya kuketi pale, akaketi kutwa nzima anatazama uani. Vumbi la barabarani likaingia likatanda mezani. Vikombe vililala havijaoshwa. Niliingia nikaona utando wa buibui kwenye balbu, nikashtuka kuliko ningeona nyoka. Nilipika kwangu nikawapelekea, nikafagia kwa ufagio mkavu makusudi ili angalau anigombeze. Hakunigombeza.

Na Chiriku akapona. Filimbi ya kifuani ikaisha. Dawa ya kuvuta ikakaa juu ya kabati. Binti alipokuja alimsikiliza mwanawe akilala, akatoka uani amejaa furaha, akaniambia, "Unaona, dada? Ni yule mbwa kweli." Baba yake alikuwa dirishani, alisikia. Nilitamani kumzaba binti kofi, na hakuwa na kosa lolote. Kwa hesabu tuliyokuwa nayo sote, alikuwa sahihi. Hata mzee, nadhani, neno lile lilimshikiza. Alikuwa ametoa kitu kikubwa, lakini amepata mtoto. Akaanza kula. Akanyoa ndevu.

Siku moja binti akapiga simu kwamba amepewa mapumziko, atakuja alale. Mzee Deki akatazama nyumba yake kama mtu anayeamka, akaona aibu. Asubuhi ile nilimsikia kwa mara ya kwanza tangu siku ya bwana mifugo anagonganisha ndoo, na nikafurahi. Kabla ya saa za chakula niliingia kwake na gauni jipya la Chiriku la kujaribu, pini mdomoni. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Sakafu inameta. Dumu liko mlangoni, na yeye yuko kona ya mbali anarudi kinyumenyume, mzima kabisa, anaimba chinichini.

Chiriku alikuwa kochini anachora. Nilimsimamisha nimpime bega, akakohoa. Akakohoa tena. Nikasikia filimbi.

Mzee Deki akaacha kuimba.

Nilimbeba mtoto nikamtoa nje uani, mzee akaja na dawa ya kuvuta. Akavuta, na hewa ya nje ikampiga usoni, na muda si muda akawa anauliza gauni lake litakuwa na mifuko mingapi. Nikamrudisha ndani kuchukua viatu. Hatukufika hata kochini, kifua kikaanza upya. Nikatoka naye tena, nikaziona pini zangu zimeanguka mlangoni, nikawa naziokota kwa sababu sikuweza kunyanyua macho.

"Fundi," mzee akasema. Alikuwa amesimama na deki mkononi, maji yanachuruzika juu ya viatu vyake. "Fundi, mbwa hayupo."

"Hayupo, baba."

"Humu hakuna unyoya hata mmoja."

"Hakuna."

Akaliangalia dumu. Kisha akaangalia juu, kwenye dari, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kule kazini kulikuwa na mashine darini, inavuta hewa chafu na kuleta nyingine mchana kutwa, na matundu yake aliyapangusa yeye mwenyewe kila juma kwa miaka yote ile. "Ndiyo maana tulifunga madirisha," akasema. "Kulikuwa na mashine." Alirudia hivyo, kulikuwa na mashine, mpaka nikamshika mkono.

Binti akatukuta hivyo. Alisikia kifua cha mwanawe kabla hajasalimia.

"Baba, umemrudisha yule mbwa?"

Mzee akaketi kwenye kidato. Nikajibu mimi. Nilimshika binti mkono nikamwingiza ndani, nikafunga mlango, nikamwambia avute pumzi. Macho yakamjaa machozi papo hapo, akakohoa, akafungua mlango kwa kishindo. Nikamweleza, mtoto akitoka anapona, akiingia anabanwa, na mbwa hayupo. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alifungua madirisha yote, akachukua ndoo akamwaga mtaroni, akalitoa dumu hadi barabarani. Halafu akarudi, akapiga magoti mbele ya baba yake aliyekuwa ameketi kwenye kidato, akalia.

"Nisamehe, baba. Nilikung'ang'aniza bure. Ungeniambia nyamaza, ungenifukuza."

"Hukujua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nashika ndoo."

"Hapana, ni mimi." Akajifuta uso kwa kiganja, na nikauona uso wake ukifunguka, nikaliona neno linakuja kabla halijatoka. "Lakini hili linatengenezeka. Leo nina siku nzima. Twende huko shambani tukamchukue Mgeni. Nitamwomba huyo bwana mimi mwenyewe, nitampigia magoti na yeye pia. Ni wapi, baba?"

Nilimtazama Mzee Deki. Mimi nilikuwa na mdomo, na nilijua ukweli wote, na sikuweza kuufungua. Nilisikia bati la paa likipanuka kwa jua.

Chiriku hakusubiri jibu. Alikuwa ameshaingia ndani mbio, akatoka na viatu vyake vya kamba, akaketi kwenye kidato ubavuni mwa babu yake na kuvaa, cha kulia mguu wa kushoto. Akanyoosha miguu yote miwili.

"Babu, nifunge."

Babu akashuka kidatoni, akapiga goti kwenye saruji. Akamvua viatu, akambadilishia miguu. Vidole vyake vilivyochanika vilihangaika na kamba ya kwanza.

"Ni mbali, babu?"

"Mbali, mjukuu wangu."

"Basi nikichoka utanibeba."

Binti alikuwa ameanza kumwangalia baba yake, na furaha ilikuwa ikimtoka usoni kidogokidogo. Mzee hakunyanyua kichwa. Alikaza kamba ya kwanza, akauchukua mguu wa pili, akaanza kuufunga.